UTI isiyoisha inatoka wapi?

Ingia kituo cha afya chochote cha mjini ukiwa na homa, kiuno kinauma na mwili umelegea, kisha subiri majibu. Kipimo cha malaria kikitoka hasi, kuna uwezekano mkubwa ukaambiwa, "Una UTI, na taifodi kidogo." Karatasi imewekwa alama za kujumlisha, mbili au tatu. Unachomwa sindano tano au unapewa pakiti ya vidonge, unapata nafuu, na baada ya mwezi umekaa tena kwenye benchi lilelile. Ukirudi mara ya tatu unapewa cheo kipya: mgonjwa wa UTI sugu. Kuanzia hapo simu yako haikosi tangazo la mtu mwenye dawa ya mitishamba inayoimaliza "kabisa".

Nimeichagua UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa makusudi. Mtaani hakuna ugonjwa wa bakteria unaotajwa kuliko huu, na ukiufuatilia hatua kwa hatua unakuonyesha karibu kila kosa tunalofanya na antibayotiki. Msimamo wangu nautoa mapema. Wengi wanaoitwa wagonjwa wa UTI sugu hawana UTI. Na wale walio nayo kweli, isiyosikia dawa, mara nyingi usugu ulianza na vidonge vilivyomezwa kutibu kitu kingine kabisa: mafua, kuhara, jino.

Anatoka utumboni mwako

Bakteria anayesababisha UTI nyingi anaitwa E. coli. Anaishi ndani ya utumbo wa kila mmoja wetu tangu siku za mwanzo za maisha, na akikaa huko hana neno. Shida huanza akitoka njia ya haja kubwa akaingia njia ya haja ndogo. Kwa mwanamke safari hiyo ni fupi mno. Matundu mawili yako jirani, na mrija wa kwenda kwenye kibofu una urefu wa sentimita 4 hivi; wa mwanamume unafika kama sentimita 20. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya wanawake kuugua zaidi, wala si uchafu wa mtu. Isitoshe, E. coli wa aina hii wana vinyweleo vya kujishikiza kwenye ukuta wa kibofu, hata mkojo ukipita si wote wanaosombwa. Tendo la ndoa huwasukuma ndani, ndiyo maana maharusi wengi wa kike huipata wiki za mwanzo bila mume kuwa na ugonjwa wowote. Ndoa kadhaa zingepona ugomvi kama jambo hili moja lingeelezwa mapema.

Hapa nitawaudhi baadhi ya wasomaji: choo cha kuchangia kinasingiziwa. Bakteria wa UTI hawaruki kutoka kwenye sinki la choo hadi kwenye kibofu chako. Choo kichafu kinaleta kuhara, kipindupindu na minyoo, na hayo yanatosha kukichukia. Ila kuna njia ya pembeni ambayo choo kibaya kinachangia. Mama anayeuza sokoni kutwa, au mwanafunzi ambaye choo cha shule hakina mlango, hanywi maji ili asilazimike kwenda, na akibanwa anavumilia. Mkojo unaopita ndio ufagio wa kibofu; ukipita mara mbili tu kwa siku, bakteria wanapata muda wa kuzaliana kwa raha zao. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018 ulichukua wanawake 140 waliokuwa wakisumbuliwa na UTI za kujirudia na ambao kwa kawaida walikunywa maji kidogo. Nusu yao waliongezewa lita moja na nusu ya maji kila siku. Ndani ya mwaka mmoja, waliopewa maji waliugua takriban nusu ya mara walizougua wenzao. Maji tu, hakuna kingine.

Dalili zenyewe hazifichiki: mkojo unaunguza, unaenda kila baada ya dakika chache na kutoa matone, chini ya kitovu panabana, wakati mwingine mkojo una damu. Ukiongeza homa kali, kutetemeka, kutapika na maumivu ubavuni, bakteria wamepanda hadi kwenye figo, na huko si kwa kusubiri kesho. Lakini muwasho na uchafu ukeni si UTI. Huenda ni fangasi au ugonjwa wa zinaa kama klamidia au kisonono, na dawa zake ni tofauti. Kiuno kinachouma baada ya kubeba ndoo za maji wiki nzima nacho ni kiuno tu. Uchovu peke yake hauna maana yoyote kwenye njia ya mkojo, ingawa ndio unaowapeleka wengi kupima.

Karatasi yenye alama za kujumlisha

Tuangalie jinsi mkojo wenyewe unavyopatikana. Unapewa kichupa na neno moja: "Nenda kalete." Hakuna anayekwambia utawaze kwanza, uache mkojo wa mwanzo uende zake, ukinge wa katikati. Mkojo wa mwanzo husomba kila kitu kilichoko nje: bakteria wa ngozi, ute wa ukeni, seli za usaha ambazo hazikutoka kwenye kibofu. Kisha kichupa kinakaa mezani maabara wakati foleni ya vipimo inasogea. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, na E. coli anayeweza kujigawa kuwa wawili kila dakika 20 akipata mazingira mazuri, saa mbili za kusubiri zinatosha kugeuza bakteria wachache wa ngozi kuwa umati. Anayeangalia kwenye darubini anaona bakteria wengi kweli. Hadanganyi. Mkojo ndio uliodanganya.

Seli za usaha nazo zinasema tu kwamba kuna vita mahali fulani. Klamidia inazitoa, fangasi inazitoa, hata jiwe kwenye figo. Kile kikaratasi cha rangi kinachochovywa kwenye mkojo kinasaidia zaidi kikionyesha kwa pamoja seli hizo na naitraiti, kemikali ambayo bakteria wengi wa UTI huitengeneza mkojo ukikaa kwenye kibofu saa kadhaa. Hata hivyo hakuna kipimo duniani kinachoitwa "UTI mbili jumlisha". Alama zile zinahesabu seli au bakteria kwenye kichupa. UTI inatambuliwa kwa dalili za mgonjwa zikiungana na kipimo.

Jambo jingine lisilosemwa: wapo watu wengi, hasa wazee na wenye kisukari, wenye bakteria kwenye mkojo na hawaumwi chochote. Wataalamu wamekubaliana kwamba hao hawatibiwi. Kuwapa dawa hakuwaongezei afya, kunawalea bakteria sugu tu. Walio tofauti ni wawili hasa: mjamzito, kwa kuwa kwake bakteria hao hupanda kwenye figo kwa urahisi na wanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati, na mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo.

Yote haya yamepimwa hapahapa kwetu. Mradi wa watafiti uliopewa jina la HATUA, uliofanya kazi Kenya, Tanzania na Uganda, ulikusanya mkojo wa wagonjwa zaidi ya 7,500 waliokuwa na dalili za UTI na kuuotesha maabara. Waliothibitika kuwa na maambukizi walikuwa kama theluthi moja. Soma tena: watu wenye dalili, si wapita njia, na bado wawili kati ya watatu maabara haikuwakuta na UTI. Kati ya waliokuwa nayo, karibu nusu walibeba bakteria waliokuwa sugu kwa aina kadhaa za dawa kwa pamoja.

Na ile "taifodi kidogo"? Taifodi ni ugonjwa mzito unaoweza kutoboa utumbo, hauna udogo. Kinachokuwa kidogo ni uhakika wa kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896 na bado kinatumika kwetu kila siku. Kinapima askari wa mwili waliotengenezwa dhidi ya bakteria wa taifodi, na askari hao wanaweza kuwepo kwa sababu uliugua zamani, ulichanjwa, au ulipambana na bakteria mwingine wa jamii hiyo. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu. Mwaka 2008 watafiti walichunguza kwa vipimo vya kina watoto zaidi ya 1,000 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara. Saba kati ya kila kumi walikuwa na virusi. UTI ilikutwa kwa watoto wasiofika asilimia 6, na taifodi wasiofika asilimia 4. Nikilinganisha na idadi ya karatasi za "UTI na taifodi" zinazotolewa kwa siku moja katika wilaya moja, nashindwa kuelewa hesabu inafungaje.

Sahani mezani

Kuotesha mkojo ni kazi ya subira. Mtaalamu anachovya kijiwaya chenye kitanzi kwenye mkojo, anakipitisha kwa mistari juu ya sahani ya plastiki iliyojaa chakula cha bakteria kilichoganda, anaifunika na kuiweka kwenye kabati la joto la mwili. Asubuhi yake, kama kuna E. coli, utaona madoa ya waridi yaliyojipanga kwenye ile mistari. Doa moja linachukuliwa na kutandazwa juu ya sahani nyingine, kisha juu yake zinawekwa karatasi za duara, kila moja na dawa yake, upana wa milimita 6. Usiku mwingine unapita.

Kinachoonekana siku inayofuata kingestahili kubandikwa kwenye ukuta wa kila duka la dawa. Kuizunguka karatasi moja kuna duara safi, hakuna kilichoota: dawa imefanya kazi. Karatasi ya jirani imezungukwa na bakteria hadi ukingoni, wamestawi kana kwamba hakuna kitu. Mtaalamu anapima maduara kwa rula, milimita kwa milimita, analinganisha na jedwali na kuandika S (dawa inamweza bakteria) au R (bakteria ni sugu) mbele ya kila dawa. Kwa E. coli wa mikoa yetu, ampisilini na Septrin zimezoeleka kupewa R, na sipro inazidi kuzifuata. Nitrofurantoini, dawa ya zamani ambayo wengi hawajaisikia, mara nyingi bado inapata S.

Huo ndio usugu. Uko kwenye sahani, na mgonjwa hayupo chumbani. Naisisitiza picha hii kwa sababu karibu kila mtu ninayezungumza naye anaamini kwamba ni mwili uliozoea dawa. "Mimi amoksilini hainifanyi kitu, mwili umeshaizoea, nipe kali zaidi." Mwili hauzoei antibayotiki. Anayebadilika ni bakteria, na bakteria wanahama. Wanapita kwa mikono, kwa maji, kwa chakula, kwa kitanda cha wodini. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kumeza sipro maishani mwake anaweza kuugua UTI isiyosikia sipro, na mtoto wa siku tatu anaweza kukutwa na bakteria sugu kuliko wa babu yake.

Bakteria anakuwaje sugu? Akijigawa kila dakika 20, bakteria mmoja anaweza kuwa zaidi ya milioni 16 ndani ya saa nane. Katika umati huo makosa ya kunakili vinasaba hayakosekani, na mara chache kosa linamfaa mwenyewe: anatengeneza kimeng'enya kinachokata penisilini, au pampu ya kutapika dawa nje, au anabadili sehemu ambayo dawa ilikuwa ikishika. Dawa haimfundishi kitu. Inawaua wenzake wote na kumwachia uwanja. Kibaya zaidi, bakteria hupeana vipande vya vinasaba, hata wa aina tofauti, mfano bakteria mwingine aitwaye Klebsiella akimpa E. coli. Na kipande kimoja kinaweza kubeba usugu wa dawa nne au tano zikiwa zimefungwa pamoja. Kwa hiyo mtu akimeza Septrin anaweza, bila kujua, kuwa anawachagua bakteria wasiosikia dawa nyingine ambazo hajawahi kuzigusa.

Sasa turudi kwenye kile kidonge cha mafua. Umepata kikohozi na kamasi, umepita dukani ukanunua azithromaisini, ile inayoitwa azuma, ukameza siku tatu. Mafua ni ya virusi; antibayotiki haina pa kuwashika. Siku ya tano umepona, kama ambavyo ungepona bila dawa, na sifa zote umeipa azuma. Lakini kidonge kilipita utumboni, mahali penye bakteria wasiohesabika. Ni sawa na kupiga dawa ya magugu kwenye shamba lisilo na magugu: mimea laini inakufa, inayobaki ni ile isiyosikia dawa, nayo ndiyo inayotawala mpaka msimu mwingine. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi za watu waliotibiwa kwa antibayotiki ulionyesha kwamba bakteria sugu huongezeka kwa mtu huyo hasa mwezi wa kwanza, na athari inaweza kuonekana hadi mwaka mzima. Ndani ya mwaka huo, E. coli akipanda kwenye kibofu chako, nani atapanda? Aliyebaki. Hiyo ndiyo UTI sugu ya kweli, na iliandaliwa miezi iliyopita kwa ajili ya mafua.

Dawa zisizofika zinakotumwa

Azithromaisini ina shida nyingine kwenye UTI: kiasi kinachofika kwenye mkojo hakitoshi kumsumbua E. coli. Inatibu magonjwa mengine vizuri, yakiwemo baadhi ya zinaa, na pengine ndiyo maana baadhi ya "UTI" zinapona kwayo. Zilikuwa klamidia tangu mwanzo, na mwenzi aliyebaki bila kutibiwa ataileta tena. Flagyl ni mfano mwingine. Inaua amiba, giardia na bakteria wasiopenda hewa ya oksijeni. E. coli haimgusi. Bado nyumba nyingi zina vidonge vyake kabatini, na tumbo likinguruma tu vinamezwa viwili. Kuhara kwa maji kwa mtoto kunahitaji maji ya ORS na zinki. Antibayotiki huingia kukiwa na damu kwenye kinyesi, au kipindupindu kikali. Zile kapsuli za rangi mbili zinazopasuliwa na unga wake kumwagwa kwenye kidonda hazifai kabisa: kidonda kinahitaji maji safi na sabuni.

Kikohozi cha mtoto kinahitaji jicho zaidi, kwa sababu hapo wakati mwingine antibayotiki inaokoa maisha. Chukua simu yenye saa, mtazame mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Mwenye umri wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5 akifikisha 40, huenda ni nimonia, mpeleke kituoni siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, usihesabu tena, kimbia. Nimonia hiyo ikiwa si kali hutibiwa kwa amoksilini ya kawaida, vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, na si lazima sindano.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizigawa antibayotiki katika makundi matatu: za kuanzia, za kuangaliwa kwa makini, na za akiba. Amoksilini na nitrofurantoini ni za kundi la kwanza. Sipro, azithromaisini na seftriaksoni, ile sindano inayochomwa kila kona, ziko kundi la pili. Kuzitumia hovyo ndiko kunakolea usugu haraka zaidi. Sipro pia ina madhara yake, ikiwemo kudhuru kano, hasa ya kisigino. Septemba 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumiwa na binadamu zitoke kundi la kwanza. Kwetu, ambapo mteja anaona sindano kuwa "dawa yenyewe" na kidonge kuwa kitulizo, hiyo ni kazi kubwa.

"Maliza dozi", lakini dozi ipi?

Ushauri wa kumaliza dozi tumeusikia mpaka umegeuka wimbo, na una ukweli nusu. Kununua vidonge vinne kwa sababu hela ndiyo hiyo ni kosa. Ugonjwa hautibiki na bakteria wa pembeni wanapata mazoezi ya bure. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilitahadharisha hilo mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel: kwamba itafika siku dawa hiyo itauzwa dukani kwa yeyote, na mtu ataimeza pungufu na kuwalea bakteria sugu. Siku hiyo ilifika kitambo.

Nusu ya pili haisemwi sana. Dozi ndefu nayo si bora. Mwaka 2017 kundi la wataalamu liliandika katika jarida la kitabibu la BMJ kwamba hakuna ushahidi mzuri kuwa kuacha mapema ndiko kunakoleta usugu kwa magonjwa mengi ya kawaida, na kwamba kila siku ya ziada ya dawa inawachagua bakteria sugu wa utumboni na wa ngozi. Ndiyo maana miongozo inazidi kufupisha: UTI ya kawaida ya kibofu kwa mwanamke hutibiwa kwa nitrofurantoini siku 5, si wiki mbili. Kifua kikuu ni habari nyingine, chenyewe tiba yake ya kawaida ni miezi 6 na haina mjadala. Kwa hiyo maliza kilichoandikwa, na mwulize aliyeandika kwa nini ni siku 10 na si 5. Swali hilo halimvunjii daktari heshima. Na usiweke akiba ya vidonge viwili vitatu kwa ajili ya shemeji.

Siwezi kumaliza bila kuwatetea wauza dawa kidogo, maana lawama zote huangushiwa wao. Maduka ya Dawa Muhimu ya Tanzania, yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, yalibuniwa kwa sababu vijijini hakukuwa na mfamasia na watu walikuwa wakinunua dawa zisizo na uhakika. Muuzaji amefundishwa, ameruhusiwa kuuza antibayotiki chache zilizoorodheshwa, na kila siku anasimama mbele ya mteja mwenye elfu mbili anayetaka vitu vya elfu kumi. Akikataa, mteja anavuka barabara. Kampeni ya "Holela-Holela Itakukosti" imelisema hilo redioni kwa lugha ya mtaani, na imesaidia watu kujua kwamba tatizo lipo. Lakini kampeni haiondoi foleni ya saa tano wala gharama ya kumwona daktari. Na wafugaji wa kuku wa mayai wanaomwaga OTC, antibayotiki ya mifugo, kwenye maji ya kunywea kila banda likikohoa, kisha mayai yakauzwa kesho yake bila kusubiri dawa itoke, wako kwenye hesabu hiihii. Bakteria hawajui mpaka kati ya banda na jikoni.

Wanaolipa zaidi ni wale wasiochagua. Utafiti uliofanyika Muhimbili mwaka 2001 na 2002 ulifuatilia watoto waliolazwa wakiwa na maambukizi ya damu. Takriban theluthi moja walifariki; kwa waliokuwa na bakteria wa kundi la Gram-hasi, kundi la E. coli, kiwango kilizidi mara mbili cha waliokuwa na malaria, na usugu wa bakteria kwa dawa zilizokuwepo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotabiri kifo. Hiyo ni miaka zaidi ya ishirini iliyopita, kabla E. coli wasiosikia seftriaksoni hawajawa jambo la kawaida mawodini. Duniani kote, mwaka 2019 pekee, vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu vilikadiriwa kuwa milioni 1.27.

Kama umeshatibiwa UTI mara mbili ndani ya miezi sita, au mara tatu ndani ya mwaka, acha kubadilisha pakiti. Hapo kuna maswali manne ya kumpelekea daktari: ilithibitishwa, au ni kikaratasi cha alama tu? Ni bakteria yuleyule anayerudi ndani ya wiki mbili, au ni mpya kila mara? Kuna jiwe, kisukari, ujauzito, kwa mwanamume tezi dume? Na je, mwenzi alipimwa magonjwa ya zinaa? Mwanamume mwenye UTI anapaswa kuchunguzwa hata ikiwa ni ya kwanza, kwa kuwa kwake si kawaida. Omba mkojo uoteshwe, hata ikibidi kwenda hospitali ya mkoa au ya rufaa na kusubiri siku tatu. Tawaza, acha wa mwanzo upite, kinga wa katikati, ukabidhi mara moja. Na utoe kabla hujameza kidonge chochote. Kimoja tu cha asubuhi kinaweza kuifanya sahani ibaki tupu, ukarudishwa nyumbani na karatasi inayosema huna kitu huku mkojo bado unaunguza.